Deni la Glazer, mtumbwi wetu wa Igombe, na kwa nini bado navaa kijani na dhahabu

Mwanakirumba (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa wote shikamooni.

Jumamosi iliyopita nilikuwa kibanda umiza huku Kirumba, jirani na Mwaloni, nimevaa skafu yangu ya kijani na dhahabu kama ninavyovaa kila United inapocheza. Kijana mmoja, rika la mwanangu wa pili, akaniuliza: "Baba, skafu ya Yanga unaivaaje kwenye mechi ya Man U?" Mwenzake akasema siyo ya Yanga, hiyo ya chama, mzee katoka mkutanoni. Nikawaambia hii ni skafu ya Manchester United. Hawakuniamini. Mapumziko ni dakika 15 na habari hii ina zaidi ya miaka 20, kwa hiyo nimeileta hapa niiseme yote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka arudi usiku akiwa ametulia.

Nianze na rangi. Klabu hii ilianzishwa mwaka 1878 na wafanyakazi wa reli, mafundi wa karakana ya mabehewa pale Newton Heath, Manchester. Jezi yao ya zamani ilikuwa nusu kijani nusu dhahabu. Mwaka 1902 madeni yaliizidi, ikabaki kidogo ifungwe. Akatokea John Henry Davies, mwenye kiwanda cha bia, yeye na wenzake wakatoa pesa mfukoni, madeni yakalipwa, jina likabadilishwa kuwa Manchester United na rangi ikawa nyekundu. Davies alileta pesa. Naomba hilo mlishike, maana ndipo ugomvi wote ulipo.

Sasa 2005. Mmarekani Malcolm Glazer, mmiliki wa Tampa Bay Buccaneers, timu ya mpira wa Kimarekani, alikuwa ameanza kununua hisa za United kidogo kidogo tangu 2003. Wakati huo klabu ilikuwa kwenye soko la hisa la London, na maelfu ya mashabiki wa kawaida walikuwa na hisa zao chache, mtu ana hisa 50, mtu ana 200, karatasi imewekwa kwenye fremu sebuleni. Mei 12, 2005 Glazer akanunua fungu kubwa la matajiri wawili wa Ireland, McManus na Magnier, na baada ya hapo hapakuwa na wa kumzuia. Alipovuka asilimia 75 akaiondoa klabu kwenye soko la hisa. Baadaye wenye hisa chache wakalazimika kuuza, pauni 3 kwa hisa, utake usitake. Zile karatasi za sebuleni zikabaki picha.

Bei nzima ilikuwa kama pauni milioni 790. Zaidi ya milioni 500 kati ya hizo zilikuwa za kukopa. Na mikopo hiyo haikukaa juu ya Glazer. Sehemu kubwa iliwekewa dhamana ya mali za klabu yenyewe, na sehemu nyingine ikawekewa dhamana ya hisa za klabu. Klabu iliyoamka asubuhi haina deni ikalala inadaiwa mamia ya mamilioni, na mdaiwa hakuwa amenunua chochote. Yeye ndiye aliyenunuliwa.

Najua wengi hapa mtasema "lakini biashara zote zinakopa". Ngojeni niwape habari ya mtumbwi wetu, maana mimi nililielewa deni la Old Trafford, uwanja wa United, nikiwa Igombe, nimeloa hadi kiunoni.

Kati ya 2006 na 2009 nilivua dagaa. Tajiri wetu wa kwanza alikuwa mzee mmoja mtaratibu sana. Giza likiingia, yaani zile siku zisizo na mwezi, tunakwenda, karabai zinawashwa, mwezi ukianza kuwaka tunapumzika na kushona nyavu. Mwisho wa giza tunatoa mafuta na chakula, kinachobaki ni nusu yake nusu yetu. Lakini kabla ya mgao mzee alikuwa anatenga fungu la mtumbwi. Fungu hilo halikuguswa. Ndilo lililonunua mbao, pamba ya kalafati ya kuzibia maungio, na vipuri vya injini. Alikuwa anasema mtumbwi nao ni mvuvi, lazima ule.

Mzee akafariki. Watoto wakauza kila kitu kwa bwana mmoja aliyekuja amevaa vizuri, ana maneno mazuri, na hana pesa. Pesa alikopa kwa mkopeshaji wa mjini, dhamana akaweka mtumbwi, injini na nyavu, vilevile alivyokuwa anavinunua. Sisi hatukujua. Tulichokiona ni kwamba giza la kwanza likaisha, tukauza dagaa vizuri kabisa, halafu kwenye mgao kabla ya mafuta kukatoka kitu kinaitwa marejesho. Giza la pili marejesho na riba. Fungu la mtumbwi likafutwa, eti "kwa muda". Mwezi wa nne maji yakaanza kuingia kwenye maungio ya mbao, karibu na mkuku. Nilikuwa nakaa pale nyuma na kopo la lita tano lililokatwa mdomo, wenzangu wanavuta nyavu mimi nakumba maji, mikono imekufa ganzi, na dagaa tuliovua usiku ule walitosha kununua pamba ya kalafati ya mwaka mzima. Hawakununua hata kilo. Walikwenda kwa mkopeshaji kulipia mtumbwi ambao sisi tulikuwa tumeukalia unazama.

Mwaka 2010 nilipoanza kusoma habari za deni la United sikuhitaji mhasibu.

Mikopo ya Glazer ilikuwa ya aina mbalimbali, na mmoja ulikuwa mbaya kuliko yote: riba yake haikulipwa kila mwezi, ilikuwa inarundikwa juu ya deni, nayo riba inazaa riba. Ulikuwa wa asilimia 14.25 kwa mwaka, na mwaka 2010 ukapanda hadi 16.25. Sisi huku mikopo ya namna hiyo tunaiita kausha damu, na mama zetu sokoni wanaijua ladha yake. Januari 2010 familia ikatoa hatifungani, yaani karatasi za kukopa kwa wawekezaji, za pauni milioni 500 hivi ili kulipa sehemu ya mikopo ya awali, na nyaraka zake zikawaonyesha watu wote kwamba deni la jumla limepita pauni milioni 700. Hii ni baada ya kumuuza Cristiano Ronaldo kwa Real Madrid kwa milioni 80 kiangazi cha 2009. Milioni 80 zimeingia, ubingwa umechukuliwa mara tatu mfululizo, uwanja unajaa kila wiki, na deni ni kubwa kuliko siku ya kuanza.

Hapo ndipo mashabiki walipozitoa rangi za wale mafundi wa reli. Skafu za kijani na dhahabu zikaanza kuonekana jukwaani, mwanzo chache, baada ya wiki kadhaa Old Trafford nzima. Kila aliyevaa alikuwa anasema klabu hii ilikuwepo kabla yenu. Chama cha mashabiki, MUST, kikapata wanachama kwa makumi ya maelfu kwa muda mfupi.

Usiku wa Jumatano, Machi 10, 2010, United walicheza na AC Milan. Kwetu ilikuwa saa 4 na dakika 45 usiku, kibanda kimefurika mpaka watu wako dirishani. United wakashinda 4-0. Mechi ilipoisha David Beckham, aliyekuwa Milan wakati huo, akawa anatoka uwanjani anapungia watu, skafu ya kijani na dhahabu ikarushwa kutoka jukwaani, akaiokota, akaivaa shingoni. Mtu aliyelelewa na klabu ile, akiwa mchezaji wa timu nyingine. Nilisimama kwenye benchi. Wiki iliyofuata nikaenda Makoroboi, nikanunua kitambaa, fundi akanishonea hii niliyonayo mpaka leo. Upande mmoja umefumuka nikaushona kwa uzi wa nyavu.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Mwaka ule ule wa 2005 mashabiki kadhaa waliona hawawezi kupeleka pauni yao kwa wakopeshaji, wakaanzisha klabu yao, FC United of Manchester. Mwanachama mmoja kura moja, awe tajiri awe dobi. Walianzia chini kabisa kwenye ngazi za ligi za mkoa, wakapanda madaraja matatu katika misimu mitatu ya mwanzo, na mwaka 2015 wakafungua uwanja wao wenyewe, Broadhurst Park, kwa mechi na Benfica. Kuacha kwenda Old Trafford baada ya kukaa kiti kilekile na baba yako miaka 30 si jambo dogo. Watu walilia. Familia ziligawanyika, huyu kabaki huyu kaondoka, Krismasi hawasemeshani vizuri.

Na msidhani mashabiki hushindwa siku zote. Mwaka 1998 kampuni ya televisheni ya BSkyB ilitaka kuinunua United kwa pauni milioni 623, bodi ikakubali. Mashabiki wakaandika barua, wakatafuta wanasheria na wabunge, wakapeleka hoja kwenye tume ya ushindani, na mwaka 1999 serikali ikakataa mauzo. Miaka sita baadaye kwa Glazer hawakuwa na mlango wa kubisha, kwa sababu hakuwa na kampuni nyingine Uingereza ambayo ungesema inaua ushindani. Alikuwa mnunuzi tu mwenye madeni, na sheria haikuwa na neno juu ya hilo.

Nimalizie na Mei 2, 2021. Mnajua wiki mbili kabla yake, Aprili 18, klabu 12 zilitangaza ile Super League, ligi ya peke yao ya matajiri wa Ulaya, United wakiwa mbele, na ndani ya siku mbili ikasambaratika. Jumapili ile mechi na Liverpool ilikuwa ianze saa 12 na nusu jioni kwa saa zetu. Tumelipa kiingilio, tumekaa, badala ya wachezaji tunaona mashabiki wako katikati ya uwanja na moshi wa kijani. Mechi ikaahirishwa. Mwenye kibanda alitaka kubadilisha chaneli aweke muvi, watu wakamwambia acha. Tulikaa zaidi ya saa moja tunaangalia uwanja usio na mpira, na nakwambieni sijawahi kukaa kimya kibandani kama siku ile. Nilikuwa naona watu wanakumba maji.

Naishia hapa kwanza. Maswali karibuni.

Jogoo wa Musoma

Mkuu, mimi ni Liverpool damu, lakini kwenye hili niko na wewe asilimia mia. Sisi tuliionja. Wamarekani wawili, Hicks na Gillett, walitununua Februari 2007, wakasema hawatatubebesha deni kama la Glazer. Haukupita muda mkopo wa benki ukawa juu ya klabu. Mwaka 2008 mashabiki wakaanzisha umoja wao wa Spirit of Shankly, wakaandamana, wakawaandikia mabenki, mpaka Oktoba 2010 benki iligoma kuwaongezea muda na kesi ikafika mahakamani London. Klabu ikauzwa pauni milioni 300, wao hawataki, mahakama imesema. Tulikuwa karibu na mkia wa msimamo wa ligi wiki ile.

Kilichotuokoa ni kwamba mkopo wetu ulifika mwisho na benki ikaubana. Glazer wao walikuwa wanabadilisha mkopo kwa mkopo. Hiyo ndiyo tofauti, haikuwa ujanja wetu.

Hesabu Kwanza

Mleta uzi, umeandika kwa uchungu na nimesoma yote, ila nina mawili.

La kwanza: chini ya Glazer United walichukua ligi 2007, 2008, 2009, 2011 na 2013, na Ulaya 2008 pale Moscow. Wachezaji wamenunuliwa kwa mamilioni mengi. Thamani ya klabu imepanda mara nyingi. Sasa deni limemuua nani?

La pili: sisi wa Mwanza linatuhusu nini? Shule zetu zina watoto 100 darasa moja. Wenye Manchester yao wapiganie Manchester yao.

Mwanakirumba (mleta uzi)

Mkuu Hesabu Kwanza, asante kwa kuuliza kwa heshima.

Makombe. Ronaldo alinunuliwa 2003 na Rooney 2004, kabla ya Glazer. Giggs, Scholes, Neville walikulia pale pale. Na juu yao wote alikaa Sir Alex Ferguson, ambaye angeweza kukupa ubingwa hata kama paa linavuja. Mtumbwi wetu nao uliendelea kuvua miezi mingi baada ya fungu la mtumbwi kufutwa, kwa sababu mzee alikuwa ameuacha imara. Ferguson ameondoka 2013 na tangu hapo hakuna ubingwa wa ligi. Na paa sasa linavuja kweli, si mfano: Mei 2024 baada ya mechi na Arsenal tuliona maji yanamwagika kutoka juu kama bomba limepasuka. Msimu wa 2024/25 tukamaliza nafasi ya 15.

Thamani imepanda, nakubali. Mwaka 2012 waliuza hisa New York kwa dola 14 kila moja, na tajiri Mwingereza Jim Ratcliffe alipoingia kama mmiliki mwenza Februari 2024 alilipa dola 33. Lakini uliza hizo pesa zimekwenda wapi. Zilizouzwa ni hisa za familia kwa sehemu kubwa, faida imeingia kwa familia. Hisa zao zina kura 10 kila moja, zilizouzwa kwa wananchi zina kura moja. Wakati huohuo zaidi ya pauni bilioni 1 za klabu zimeishia kwenye riba, ada za mikopo na gawio tangu 2005. Lile deni la mwanzo la kuinunulia klabu bado lipo, dola milioni 650, halijawahi kulipwa likaisha. Ungechukua nusu tu ya riba ungejenga upya jukwaa lolote pale.

Na wanaoumia wana majina na watoto. Mwaka 2024 klabu ilipunguza wafanyakazi kama 250, mwaka uliofuata ikatangaza wengine hadi 200. Watu wa jikoni, wa ofisi ya tiketi, wa makumbusho. Novemba 2024 tiketi za wanachama zilizobaki zikawekwa pauni 66, mtoto na mzee bei moja. Hiyo ni zaidi ya shilingi 200,000 kwa mtoto wa miaka 8 kuangalia mpira. Ratcliffe anasema anabana matumizi klabu isiishiwe pesa taslimu. Mimi namuuliza, na wenzangu wa Manchester wanamuuliza kila wiki: mbona riba haibanwi?

La pili, kwamba haituhusu. Kaka, kiingilio cha kibandani, king'amuzi, jezi halisi kwa wanaoweza, matangazo ya biashara yanayowekwa kwa sababu Afrika tunaangalia, hayo yote yanaingia kwenye mahesabu ya klabu. Mimi nimeweka pale shilingi mia tano mia tano tangu 1999. Ni kidogo, lakini ni yangu, na sikuitoa ilipe riba. Madarasa ya watoto 100 yananiuma pia, nina mjukuu ndani yake. Mtu anaweza kuumwa na mambo mawili.

Mama Dagaa wa Igogo

Mwanangu nimesoma, mpira sijui sana lakini mkopo naujua. Kile kikopo cha kukumbia maji umekieleza mpaka nimesikia harufu ya ziwa.

Mimi nauliza mtumbwi uliishia wapi. Na pia, kama wamiliki wanakula pesa yenu, si muache kuangalia?

Lindanda Damu

Ngosha, naomba niurudishe uzi nyumbani kidogo.

Hapa Mwanza tumezika timu nyingi. Toto Africans imeshuka 2017 haijarudi. Mbao FC mwaka huohuo 2017 ilifika fainali ya Kombe la FA pale Dodoma, ikawapeleka Simba hadi muda wa nyongeza, ikafungwa 2-1, na miaka mitatu baadaye ikashuka. Alliance nayo. Pamba yetu ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20 mpaka iliporudi 2024 ikiwa mikononi mwa Jiji. Zilizokufa hazikufa kwa deni la kununuliwa, zilikufa kwa ukata. Kwa hiyo nikisikia mtu analalamika klabu yake ina mwekezaji, mwanzo nilikuwa namshangaa. Sisi tunamtafuta mwekezaji kwa tochi!

Lakini nikifikiri vizuri, hatari yetu iko palepale. Siku Pamba ikitafutiwa mwekezaji, watu tutakuwa na njaa kiasi kwamba hatutasoma karatasi. Nchi hii ina utaratibu wa wanachama asilimia 51 na wawekezaji 49, Simba walipobadilisha mfumo mwaka 2017 tuliusikia sana. Ni kinga nzuri, Wajerumani wanayo ya kwao inayofanana tangu 1998, na klabu zao tiketi ni nafuu. Ila 51 kwenye karatasi hainisaidii kama daftari la wanachama halipo. Leo mtu akiniuliza wanachama wa timu yangu ni nani na wamekutana lini, nitamjibu nini? Mleta uzi ametaja pesa ya mwekezaji imetoka wapi na dhamana yake ni nini. Hilo swali nataka liulizwe hapa Nyamagana kwa sauti, mbele ya watu, kabla ya kupiga makofi.

Jogoo wa Musoma

Naongezea hapo kwa Lindanda. Uingereza Julai 2025 imepitisha sheria ya usimamizi wa soka, kuna msimamizi huru sasa wa kuchunguza wamiliki na pesa zao, na klabu zinatakiwa kuwashirikisha mashabiki kwenye mambo ya urithi kama rangi na nembo. Imechukua miaka mingi ya kelele, na Super League ndiyo iliyowaamsha wanasiasa. Kwa Glazer imechelewa.

Kijana wa Mabatini

Baba, ni mimi wa Jumamosi. Shikamoo. Samahani kwa ile ya Yanga, sikujua. Nimezaliwa 2005, yaani deni hili ni rika langu.

Nimesoma mara mbili. Nilikuwa nafikiri tunafungwa kwa sababu ya makocha tu. Nina maswali mawili. Hao wa FC United, walioondoka, wanatuonaje sisi tuliobaki? Na hiyo skafu naipataje, maana mtandaoni sioni inayoletwa Mwanza.

Mwanakirumba (mleta uzi)

Marahaba mwanangu, wala hujakosea, rangi zinafanana kweli.

Nianze na Mama wa Igogo, shikamoo mama. Mtumbwi mkopeshaji aliuchukua 2009. Walikuja asubuhi, wakafungua injini kwanza, wakabeba nyavu, mtumbwi wakauvuta ufukweni wauuze. Haukununuliwa, ulikuwa umeoza chini. Ulikaa pale Igombe umepinduliwa, watoto wanachezea juu, mpaka mtu akaukata kuni. Yule bwana aliyevaa vizuri yuko salama, ana shughuli nyingine sasa. Sisi wanne tulidai mgao wa magiza mawili, hatukupata. Ndiyo maana naandika kwa jazba, mnisamehe.

Kuhusu kuacha kuangalia: niliacha, mama. Msimu mmoja mzima, 2010/11, sikutia mguu kibandani. Nilikuwa nasikia matokeo kupitia kelele za mtaani. Tulichukua ubingwa nikiwa nimekaa nyumbani natengeneza nyavu, na nilisikitika kwa kuukosa. Nikaona Glazer hajui kama sikuwepo, lakini wenzangu walijua. Nikarudi na skafu. Siwezi kusema ndiyo njia sahihi. Jezi mpya sinunui, nina ya mwaka 1999 yenye kiraka, na hapo nimeweka mpaka wangu.

Kijana wangu, kwa walioondoka: Mwingereza mmoja aliyekuja Bugando kujitolea, shabiki wa FC United, tulikaa naye sana pale Kamanga tukisubiri kivuko. Aliniambia kaka yake alibaki Old Trafford na yeye akaondoka, na walikosana miaka mitatu. Wakapatana kwenye msiba wa baba yao, jeneza limefunikwa skafu ya kijani na dhahabu, kwa sababu hiyo ndiyo rangi pekee ambayo wote wawili walikuwa bado wanaivaa. Hakuniambia nani alikuwa sahihi, nami sikumuuliza.

Skafu haiagizwi mtandaoni. Njoo Jumatano baada ya saa 9 tukutane Makoroboi, fundi wangu bado yupo, yule mwenye cherehani karibu na wauza mitumba. Kitambaa nusu mita cha kijani na nusu mita cha dhahabu kinatosha watu wawili, kwa hiyo mlete na mwenzako aliyesema ya chama. Ila dhahabu tuichague pamoja mchana, kwenye jua, tusije tukapewa njano ya limau.